Re: Mabingobingo marefu, maziwa machache

Ndugu, umeuliza kwa nini maziwa yamepungua ilhali mabingobingo yako, yale majani ya Napier ya kulishia ng'ombe, yamekupita kimo. Tatizo ni hicho kimo chenyewe. Yakizidi mita moja hivi, mashina hukakamaa, nyuzinyuzi huongezeka na protini hushuka. Ndiyo maana ng'ombe anachambua majani na kuacha mashina horini. Wakati wa mvua kata kila wiki 6 hadi 8, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hivi. Tafadhali usikwangue hadi ardhini! Machipukizi hutegemea akiba iliyo kwenye kisiki na mizizi. Yakidhoofika, magugu huingia. Kila ukikata, rudisha samadi shambani. Kiangazi yape muda zaidi, hata kama unaona hori li tupu.