Pampu ya klorini ikisuasua, pima kabla ya kushika spana

Mafundi wengi wa miradi ya maji huku kwetu Kigoma, pampu ya dozi, ile inayoingiza dawa ya klorini kwenye maji, ikianza kusuasua tu, wanakimbilia spana. Muda si mrefu kichwa cha pampu kiko mezani, gololi ya vali, kile kipira kinachoziba ili dawa isirudi nyuma, imebingirikia uvunguni, na ugonjwa bado haujajulikana. Mimi huanza na silinda ya kupimia.

Mtambo wako hauna silinda? Tumbukiza mpira wa kufyonzea kwenye chupa yenye alama za mililita, acha pampu isukume kwenye bomba lenye presha yake ya kawaida, kisha uone dawa imeshuka kiasi gani kwa dakika 1. Tuseme mradi unatoa lita 20,000 kwa saa na unataka miligramu 1 ya klorini kwa kila lita. Hizo ni gramu 20 kwa saa. Dawa iliyokorogwa kwa asilimia 1 ina gramu 10 kwa lita, kwa hiyo unahitaji lita 2 kwa saa, sawa na mililita 33 hivi kwa dakika. Pampu ikivuta 33 na kwenye bomba klorini haisomeki, usiisumbue. Kagua dawa yenyewe, huenda imekaa sana au imepigwa jua. Ikivuta 15, hapo fungua.

Ukifungua, mara nyingi utakuta chokaa. Unga tunaotumia ni klorini ya kalsiamu (kalsiamu hipokloraiti), na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali, inayokaribia 9. Vikichanganyika, mashapo meupe yanatuama chini ya pipa. Punje ndogo tu ikikaa chini ya gololi, vali haifungi sawasawa, basi dawa inaenda na kurudi huku pampu inagonga kama kawaida. Koroga jioni, acha itulie usiku, asubuhi tumia ile safi ya juu. Na vali ya chini, ile iliyo mwishoni mwa mpira wa kufyonzea, iinue kama shibiri moja kutoka sakafu ya pipa. Najua kuna wanaoishusha hadi mwisho ili dawa isipotee. Wanachookoa ni tope.

pH hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisivumilie pampu inayodanganya. Kwenye maji ya pH 9 klorini inaua vijidudu polepole kuliko kwenye maji ya pH 7, kwa hiyo dozi ikipungua, hakuna cha kufidia.

Kabla ya kusafisha: miwani, glavu, pitisha maji safi kwenye pampu mpaka harufu iishe, kisha zima umeme na toa presha. Hapa sina mzaha. Siki au asidi yoyote ikikutana na mabaki ya klorini hutoa gesi ya sumu, na vibanda vyetu vingi vina kidirisha kimoja tu. Ukishasuuza, toa vali nje ya kibanda, ziloweke kwenye siki mpaka mapovu yakome, zipitishe mswaki laini, suuza tena. Msasa na waya weka mbali; mkwaruzo kwenye kiti cha gololi, pale inapokalia, hauponi.

Piga picha kwa simu kabla ya kutenganisha, maana gololi na kiti chake vikigeuzwa juu chini pampu haivuti kitu. Viungio vya vali vya plastiki kaza kwa mkono, spana huvipasua.

Ikigonga bila kusukuma, jaribu kwanza kutoa hewa iliyonaswa kwenye kichwa. Ikidondosha dawa kwenye kitundu kilicho nyuma ya kichwa, daiframu, ule utando unaosukuma dawa, imechanika: zima, badilisha siku hiyohiyo, kabla dawa haijaingia kwenye mota.

Vipuri hivi aghalabu huagizwa Dar es Salaam, kwa hiyo kwenye kikao cha kamati ya maji omba hela ya daiframu moja na seti ya vali vikae stoo. Nakili modeli yote kutoka kwenye kibati cha pampu, na namba za mwishoni usiziache. Pampu mbili zaweza kufanana kwa sura, lakini daiframu zake zisiingiliane.