Japani na familia: tuliyoyaona mageni, na tuliyoyakuta kama ya nyumbani

Ndugu yetu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama safari ya Japani inamfaa mtu anayekwenda na watoto pamoja na mzazi mtu mzima, ni mambo gani madogo ya kila siku yatakayomshangaza, na atafanyaje na mizigo. Mimi nilikwenda mwishoni mwa Machi kwa siku 12 nikiwa na mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye kabla ya hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka Tanga kwenda Mombasa. Nagoya tulipokewa na rafiki yetu wa tangu shule anayefanya kazi huko. Nitaanza na choo, kwa sababu ndicho kilichozungumzwa zaidi ndani ya familia yetu.

Mama mkwe alikuwa amesimuliwa kuhusu nchi za ng'ambo ambako mtu hukuta karatasi tupu, kwa hiyo alifungasha kopo lake la plastiki kabisa. Halikutumika hata siku moja. Vyoo vya hoteli, vya stesheni kubwa na vya maduka makubwa vina kiti chenye joto na vitufe vya maji ya kujisafishia, na mama mkwe alipotoka mara ya kwanza alisema tu, "Hawa wamefundwa." Kilichomtatiza ni mpini wa kuvutia maji, ambao umeandikwa alama mbili: moja inafanana na mtu aliyetanua mikono na miguu, nyingine ni mstari wima wenye kistari kila upande. Tulipompigia rafiki yetu simu akatueleza kwamba ya kwanza husomwa "kubwa" na ya pili "ndogo". Mama mkwe akauliza, "Yaani haja kubwa na haja ndogo?" Ndivyo hasa, na nilisafiri umbali wote huo nisijue kwamba Wajapani nao wanausitiri msemo huo kama sisi. Tahadhari moja: waonye watoto kuhusu kitufe cha kuitia msaada, maana mwanangu alikibonyeza na mhudumu akaja mbio kugonga mlango.

Suala la kuvua viatu halitakupa shida ikiwa umelelewa kwenye nyumba yenye mkeka. Jambo geni ni kwamba viatu ukishavivua mlangoni unapewa ndara za ndani, kisha chooni zipo ndara nyingine za humo tu, na ukifika kwenye chumba chenye sakafu ya mikeka ya tatami unavua zote. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia Kyoto nilijisahau nikarudi mezani na ndara za chooni. Hakuna aliyesema neno, lakini nyuso zao zilinitosha.

Sasa nije kwenye magari, ambako ndiko nilikocheka kuliko kote. Huko huendesha upande wa kushoto kama kwetu, na barabarani utaona Noah na Probox hadi usahau kwamba uko ugenini. Siku ya pili Nagoya rafiki yetu alituchukua kwa gari lake, na alipoliwasha sauti ya mwanamke ikatamka, "ETC kaado ga sonyuu sarete imasen." Watoto wakaidakia na kuimalizia kwa pamoja, neno kwa neno. Gari letu la nyumbani, tulilonunua likiwa limetumika Japani, limekuwa likitamka maneno hayo kila asubuhi kwa miaka 6, na sote tuliamini kwamba ni salamu. Binti yangu mdogo alikuwa na desturi ya kuliitikia. Rafiki yetu alisimamisha gari kwanza, acheke, ndipo atufasirie: "Kadi ya ETC haijaingizwa." Kadi hiyo ndiyo inayolipia barabara kuu za tozo bila gari kusimama, kifaa kinaisoma getini na kizuizi kinafunguka. Kwa miaka 6 tulikuwa tunadaiwa kadi ya barabara zilizoko Japani.

Alituonyesha pia stika ndogo ya mraba kwenye kioo cha mbele, ambayo wengi wetu tunayo na hatujui ni ya nini. Ni ya ukaguzi wa lazima wa gari, ambao kwa gari jipya la binafsi hufanyika baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa, nayo ni sababu mojawapo ya magari ambayo bado ni mazima kuuzwa nje hadi yakatufikia sisi.

Lugha yao haitakutisha masikioni, kwa kuwa silabi zao nyingi huishia na irabu kama zetu, na majina ya stesheni yakiandikwa kwa herufi za Kirumi utayasoma vizuri kuliko watalii wa Kizungu. Hata hivyo, kuna mkoa mmoja wa kisiwa cha Kyushu, wenye kinyago maarufu cha dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, ambao jina lake linaanza na neno lisilotamkika mbele ya mkwe. Kwao maana yake ni dubu tu. Watoto walitaka kujua kwa nini baba hawasomei maandishi ya fulana yenye picha ya dubu huyo, nami nikajifanya sijavaa miwani.

Kilichotuchosha kweli ni takataka. Mapipa mengi ya hadharani yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, na watu wamezoea kurudi na taka zao nyumbani. Pipa utakaloliona kando ya mashine ya kuuzia vinywaji ni la chupa na makopo peke yake. Beba mfuko wako. Katika mashine hizo, kwa njia, utakuta kopo la kahawa ya moto, na dukani utaona kahawa ya Tanzania ikiuzwa kwa jina la "Kirimanjaro".

Kwa chakula, kama mnazingatia halali, jueni kwamba hata samaki huenda amepikwa kwa mirin, divai tamu ya mchele ya kupikia, ambayo ina kileo, kwa hiyo ulizeni kila mara. Ijumaa tuliswali katika msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki na kufunguliwa mwaka 2000. Ndani ya treni watu hawaongei na simu. Kwenye ngazi za umeme Tokyo husimama kushoto na Osaka kulia.

Kuhusu mizigo, usiivute ndani ya treni. Kule kuna huduma ya kusafirisha mabegi kutoka hoteli hadi hoteli. Unajaza karatasi mapokezi asubuhi, unalipa kulingana na ukubwa na umbali, na kati ya Tokyo na Kyoto begi hufika kesho yake. Kwenye shinkansen (treni ya mwendo kasi) ya njia hiyo, begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichowekwa nafasi mapema. Mama mkwe alikataa katakata kumkabidhi mtu asiyemjua begi lake, na alipokubali alilizungushia kamba ya katani ya kwetu Tanga, akalifunga fundo analolijua yeye. Kesho yake jioni tulilikuta limesimama chumbani Kyoto. Alipiga magoti akalikagua fundo kwa vidole, kisha akaanza kulifungua taratibu.