Lord Erroll aliacha binti tu: je, cheo chake kilikufa?

SWALI: Nimesoma habari za Lord Erroll, aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, Nairobi, mwaka 1941. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Je, cheo chake kiliishia hapo? Na cheo cha ukoo wa Kiingereza huhesabiwa kimekufa lini? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, hakikufa. Ila Lord Erroll, jina lake Josslyn Hay, alikuwa na vyeo zaidi ya kimoja, na alipouawa tarehe 24 Januari 1941, viwili kati yake vilitengana. Cha Earl wa Erroll (Earl na Baron ni madaraja ya vyeo vya kikabaila) kilimwendea binti yake Diana, aliyekuwa na miaka 15. Cha Baron Kilmarnock kikaenda kwa Gilbert, mdogo wa marehemu.

Hakuna sheria moja inayotawala urithi wa vyeo vyote hivi. Kila kimoja hufuata masharti kiliyotolewa nayo. Earl wa Erroll si cheo cha Kiingereza bali cha Scotland, cha tangu karne ya 15, na vyeo kadhaa vya kale vya huko humruhusu binti kurithi pasipo na mtoto wa kiume. Baron Kilmarnock kilitolewa mwaka 1831 kwa hati ya mfalme, kikawekewa mpaka: warithi ni wanaume wa uzao wa mpewa wa kwanza. Diana alikuwa wa uzao huo, lakini kwa kuwa ni mwanamke cheo kilimruka kikamwangukia ami yake. Marehemu hangeweza kubadili hilo hata kwa wosia, kwa sababu cheo si shamba la kugawiwa watoto.

Gilbert aliacha jina la Hay akachukua Boyd, na jina hilo lina historia nzito. William Boyd, Earl wa Kilmarnock, aliunga mkono uasi wa akina Stuart, ukoo wa kifalme uliopoteza kiti cha enzi, akakamatwa katika vita vya Culloden huko Scotland na kukatwa kichwa jijini London mwezi Agosti 1746. Alikuwa na watoto wa kiume, lakini cheo hakikuwafikia: kilifutwa kwa kosa la uhaini. Mwaka 1758 mwanawe James akapata cha Erroll kutoka kwa Mary Hay, aliyekuwa ameshika cheo hicho kwa haki yake mwenyewe. James alikuwa mjukuu wa Margaret, dada yake Mary, kwa upande wa mama. Kwa hiyo Diana hakuwa mwanamke wa kwanza kukishika, na bila wanawake wale akina Boyd wasingekipata kamwe.

Sasa kuhusu kufa. Wengi hudhani mtu asiye na mtoto wa kiume hufa na cheo chake. Sivyo. Kwa cheo cha wanaume tu, nasaba hurudishwa nyuma: wadogo wa marehemu, ami zake, wana wa ami, hadi kwa mpewa wa kwanza. Kinakufa pale tu uzao wote wa kiume wa yule wa kwanza unapokwisha. Ndugu wa mpewa wa kwanza hahesabiwi, maana hakutoka katika viuno vyake. Mtoto wa kuasiliwa naye hawezi kukirithi, hata kama amelelewa nyumba hiyo tangu uchanga. Mimi naiona kanuni hii ni kali mno, lakini ndiyo inayotumika.

Tofautisha kufa na kuning'inia. Baadhi ya vyeo vya kale vya Uingereza vilivyotokana na wito wa kuhudhuria Bunge huweza kupitia kwa mabinti. Ila mabinti wakiwa wawili au zaidi, sheria haimtambui mkubwa wala mdogo; wote wana haki sawa, basi hakuna anayekishika mpaka mfalme au malkia amteue mmoja wa uzao wao. Cheo cha Baron Grey wa Codnor kilining'inia tangu 1496 hadi 1989!

Kuna pia kulala: mrithi huenda yupo, ila hajathibitisha nasaba yake. Hapo kazi ni ya vyeti, cha ndoa ya wazazi kwanza, kisha cha kuzaliwa, kizazi baada ya kizazi. Diana hakuhitaji msururu huo mrefu. Alikishika cheo cha Erroll hadi alipofariki mwaka 1978, kikaenda kwa mwanawe Merlin.