Mwenzangu Mwingereza alivyolilia raba ya Zahra

Jumapili iliyopita, saa tano kasorobo usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mwenzangu wa kazini hapa Leeds, mama wa Kiingereza wa miaka hamsini na kitu, ambaye maisha yake yote hajawahi kumaliza filamu isiyo ya lugha yake. Hakunisalimu. Aliniuliza tu, sauti ikiwa na machozi: "Yule mtoto, kiatu chake atakipata?" Nikamwambia arudi aangalie. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikicheka kwa furaha.

Jambo hili linanikaa moyoni. Mwaka juzi niliwaalika wenzangu sita nyumbani, nikapika pilau, nikawawekea Parasite ya Bong Joon-ho, ile ya Kikorea iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Nilidhani jina la Oscar litatosha. Dakika ya kumi mmoja akasema amekuja kupumzika, hakuja kusoma maandishi chini ya picha. Wakacheka, na huyu mama naye akacheka. Simu zikatoka mifukoni, muda si mrefu tukawa tunaangalia mpira. Pilau walikula wakaisifia. Usiku ule niliosha sufuria kwa uchungu ambao mpaka leo haujaniisha.

Mimi nimekulia Tanga. Kibanda umiza chetu kilikuwa na mabenchi ya mbao na televisheni moja, na Amitabh Bachchan alisema Kihindi kitupu, bila tafsiri ya aina yoyote. Mama akikutana na mwanawe aliyepotea, banda zima linanyamaza, watu wazima wanajifuta macho kwa mikono ya shati. Sasa mtu anayeandikiwa lugha yake mwenyewe chini ya picha anashindwaje?

Lakini nami nilikosea. Parasite ina saa mbili na zaidi, nikawapa watu sita waliotoka zamu. Safari hii nilimchukua mmoja, nikampa filamu ya Iran, Children of Heaven ya Majid Majidi, ya 1997, ambayo haizidi saa moja na nusu. Inaanza na mikono ya fundi ikishona kiatu kidogo cha rangi ya waridi. Ali ametumwa kuvichukua viatu vya dada yake Zahra, anasimama kununua viazi, viatu vinapotea. Baba hana hela, kwa hiyo watoto wanaficha na kutumia raba za Ali kwa zamu. Zahra anazivaa asubuhi, anarudi mbio, wanabadilishana kichochoroni, Ali anakimbilia masomo ya mchana. Nyumbani wanaandikiana kwenye daftari ili wazazi wasisikie. Siku moja raba inamvuka Zahra mguuni, inatumbukia mferejini, maji yanaichukua naye anaifukuza. Hapo ndipo mama yule alipoisimamisha filamu akanipigia.

Kwa hiyo wewe mwenye marafiki Waingereza au Wamarekani, na najua unatamani siku moja uwawekee filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji bila kuombea radhi Kiswahili chake, anza na mtu mmoja. Mchagulie hadithi inayoonekana kwa macho. Iangalie wewe kwanza. Usiweke ile iliyobandikwa sauti za Kiingereza, kwa sababu kilio cha Zahra ni cha Zahra, mtu mwingine hawezi kumlilia. Simu ikae mbali, maana anayechungulia simu anakosa sentensi, na akikosa tatu ameshapotea. Na narudia, anza na mtu mmoja.

Wala usiwaonee haya. Sisi tumewasoma wao tangu shule ya msingi: vitabu vyao, sinema zao, hata hali ya hewa yao. Aliyezaliwa ndani ya Kiingereza amezoea dunia imfuate, na hajui anachokosa mpaka mtu amshike mkono. Mshike. Hata Waswahili wenzetu siku hizi wanasema maandishi yanawachosha, wakati mama zao walimlilia Amitabh bila hata herufi moja. Hilo linaniuma kuliko kicheko cha wageni wangu.

Asubuhi yake kazini mama yule aliniuliza kama nina nyingine ya namna ile. Ijumaa anakuja, na nimechagua Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya 1948: baba na mwanawe wanaitafuta baiskeli iliyoibwa, mtaa kwa mtaa, mjini Roma. Amesema anakuja na mumewe, na ameomba pilau.