Njoo, mamangu, usingoje afike mwaka

Mwanangu mpenzi,

Ile sauti ulonitumia WhatsApp juzi usiku nimeisikiza mara tatu, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili na babako, ya tatu peke yangu kitandani. Umeuliza mambo mawili, moja umelisema na moja umelimeza. Ulilolisema ni kwamba mkwe wangu hapati likizo Desemba, sasa je utaweza kuja peke yako na mtoto wa miezi saba kutoka New York mpaka Nairobi au ungoje mpaka mwakani akiwa mkubwa kidogo. Ulilolimeza ni pale uliposema "na akilia je mama, ndege nzima inatuangalia" halafu ukacheka, lakini hiyo haikuwa cheko mimi nakujua.

Jibu langu njoo. Na njoo sasa, manake mtoto wa miezi saba bado ni wa kupakatwa, anakaa pale ulipomuweka na ziwa lako linamtosha kwa mengi. Ukingoja afike mwaka na nusu utakuja na mtu anayetaka kutembea masaa 14 na hataki mkanda, huyo ndio mtihani.

Sasa nikwambie kitu sijawahi kukwambia vizuri. Mwaka 1994 wewe una miezi mitano, babako yuko Leeds, Uingereza, anamalizia masomo, bibi yako Mombasa akaanguka akalazwa ikabidi nije haraka. London Nairobi, masaa nane na nusu hivi. Simu za mkononi hatuna, ukishaagana na mtu Heathrow ndio basi mpaka ufike utafute simu ya waya. Wakati huo bado watu walikuwa wanavuta sigara ndani ya ndege, wametengewa viti vya nyuma, na moshi nao haujui mpaka wake ni wapi. Nlikuwa nimeahidiwa kile kitanda cha mtoto kinachofungwa kwenye ukuta wa mbele, kufika naambiwa kiti kishapewa mtu mwingine, nikawekwa katikati, mwanamume huku mwanamume huku, mimi na buibui langu na wewe na mkoba wa nepi za kitambaa.

Ndege ikapanda ukaanza kulia, na hukunyamaza. Nlikuwa na miaka 24, unesi bado sijausomea, sijui kitu. Aibu ilinishika mpaka nikakufunika na leso nikidhani sauti itapungua, maskini wewe ukazidi kupata joto. Na mkojo nimeubana tangu Heathrow, masaa matano mamangu, kwa sababu sikujua nikuache na nani, na nikaacha kunywa maji makusudi nisiende choo, mtu anayenyonyesha! kichwa kinagonga, midomo imekauka, maziwa nayasikia hayashuki, na wewe ukivuta hupati unakasirika. Basi upande wa pili wa njia kulikuwa na mama mmoja Mluhya, mtu mzima, kavaa kitenge cha kijani, alikuwa ananiangalia muda na mimi nikadhani amekasirika. Akainuka akasimama mbele yangu akanyosha mikono, akasema "Nipe huyo mtoto, wewe enda." Hakuniuliza kama nataka. Nlipotoka chooni nimenawa uso, wewe umelala begani kwake mdomo wazi, mate yako yameilowesha kitenge duara kubwa hivi, na yeye anaimba kidogo kidogo kwa lugha yake. Nikanyosha mikono akakataa kukurudisha. Kula kwanza, akasema. Nikala wali ushapoa huku nalia. Jina lake sikuuliza, na mpaka leo namuombea.

Kwa hivyo hilo la kutazamwa, mwanangu, wengine wanakutazama hivyo. Ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja, hii ilioanza Oktoba 2018, Desemba inajaa wamama na mabibi wanaorudi nyumbani ambao hawajashika mtoto tangu mwaka jana. Ukikaa tu, kabla mtoto hajafanya lolote, salimia wa kushoto na wa kulia uwaambie niko peke yangu na huyu, baadae ntawaomba mnishikie niende msalani. Sema mapema, usingoje mpaka umezidiwa ndio uombe, manake wakati huo utashindwa hata kufungua mdomo, nakujua ulivyo. Wahudumu nao waambie, ila wakati wa kugawa chakula usiwategemee wana kazi zao. Na kama hukumpata mtu unayemuamini, mfunge mgongoni na leso uingie naye. Wakati wa kuruka na kutua tu ndio watakwambia umfungue umpakate, wao wana mkanda mdogo wa mtoto unaoshikana na wako. Na maji kunywa, kunywa, kunywa.

Kile kitanda cha ukutani piga simu shirika leo, usingoje siku ya safari, uulize kinabeba kilo ngapi manake kila ndege na yake, na wakikubali waulize kama imeandikwa kwenye tiketi yako. Ila usikitegemee sana. Taa ya mikanda ikiwaka kwa sababu ya mtikisiko watakwambia umtoe hata kama amelala fofofo, umtoe tu bila ugomvi.

Sasa hesabu ya usingizi, nimeikaa nikaifanya. Umesema tiketi ulioiona inaondoka uwanja wa JFK huko New York mchana. Desemba sisi tuko mbele yenu masaa manane, saa sita mchana kwenu ni saa mbili usiku kwetu. Mwili wa mtoto lakini haujui hayo, yeye anajua saa zake za New Jersey, kwa hivyo masaa sita saba ya kwanza atakuwa macho anataka kucheza, halafu ikifika kama saa moja jioni yake atalala, na mtatua Nairobi ni asubuhi watu wanakunywa chai lakini kwake yeye ni saa nane za usiku. Kwa hivyo usijichoshe kumlazimisha alale ndege ikiruka tu. Nusu ya kwanza mcheze, mpe vijiko, kikombe kitupu, mtembeze kwenye njia, na akilala nusu ya pili na wewe lala hapo hapo, usiangalie sinema.

Na kwa sababu atakuwa usingizini ndege ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, hapo ndio nataka umuamshe. Najua inauma kumuamsha mtoto alielala. Lakini hewa ya ndani inabadilika na masikio yanaziba, sisi tunameza mate yanafunguka, yeye hajui kumeza kwa kutaka, anameza akinyonya. Muweke ziwani au mpe chupa aendelee mpaka magurudumu yaguse chini. Wakati wa kupanda pia, ila kushuka ndio kubaya zaidi. Wewe ulilia vile kwa ajili ya masikio na mimi nikadhani una njaa ya kawaida nikakunyonyesha mapema mno tukiwa bado tunangoja kuruka, mpaka ndege inapanda umeshashiba hutaki tena.

Kuna mtu atakwambia mpe Piriton alale. Nakuomba kwa Mungu usimpe. Miaka yangu yote kliniki nimewaona, wamama wazuri tu, wanampa mtoto dawa ya mafua ili walale, mwengine inamgeuza anakuwa macho makavu analia usiku kucha, na kwa mtoto chini ya mwaka inaweza kumharibia hata pumzi. Hiyo sio dawa ya usingizi. Hata chakula usimuonjeshe kitu kipya siku hiyo, mpe yale tumbo lake linayajua, ndizi, viazi vitamu, uji wake.

Pampasi beba moja kwa kila masaa mawili na nyengine tano za ziada. Nguo zake mbili tatu, na zako pia usisahau, blauzi moja na mtandio, manake akikutapikia juu ya bahari hutapata pa kubadilisha na ile harufu ya maziwa yalioganda utakaa nayo mpaka Nairobi. Kwenye ukaguzi JFK maziwa yake na maji yake yanapita hata yakizidi zile mililita 100 za watu wengine, ila watoe kwenye mkoba uwaambie kabla. Kigari chake sukuma mpaka mlango wa ndege ndio wakichukue.

Karatasi sasa, hapa usilale. Pasipoti yake ya Marekani lazima baba na mama mtokee pamoja, na kama mkwe wangu yuko kazini asaini ile fomu ya ridhaa mbele ya mthibitishaji wa hati (notary). Hapo hapo aandike na barua nyengine kwamba amekuruhusu kusafiri na mtoto, nayo igongwe muhuri, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa hasa kwa vile jina lake la mwisho sio lako. Kwa katiba yetu ya 2010 huyo ni Mkenya kwa kuzaliwa na wewe, hata kazaliwa New Jersey, lakini mpaka apate karatasi za kwetu anaingia kama Mmarekani, na eTA, ile ruhusa ya kuingia Kenya inayoombwa mtandaoni, inatakiwa hata kwa mtoto mchanga. Omba mapema usifike kaunta ndio uambiwe. Tiketi yake ya kupakatwa kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya yako pamoja na kodi, lakini lazima awe ameandikwa.

Daktari wake umuone wiki kadhaa kabla. Kwetu huku surua tunaanza kuchanja miezi tisa, lakini huko mtoto wa miezi 6 mpaka 11 anayesafiri nje wanampa dozi ya mapema, muombe. Na muulize dawa ya kuzuia malaria kulingana na kilo zake, Mombasa ni Mombasa, mbu hawajui mgeni.

Ile ndege ya kuunganisha kuja Mombasa usikate. Mimi ntapanda treni ya usiku nije Nairobi, babako ashakubali, tutakaa kwa mamako mdogo siku mbili mpaka usiku wa mtoto urudi mahali pake ndio tushuke pamoja. Ukitoka nipe mtoto, mizigo shika wewe. Sitaki kusikia ati amelala nisimsumbue.

Nitumie kilo zake za mara ya mwisho na upana wa kile kitanda chake cha kukunja, fundi wa neti anataka kipimo kabla ya Ijumaa.

Mamako