Gari likitetemeka ukikanyaga mafuta, usikimbilie gia boksi

Nilikuwa nyuma ya lori la mizigo, katikati ya Ihumwa na Mtumba, Dodoma, nimeshawasha indiketa nilipite. Nikakanyaga mafuta. Badala ya kuchomoka, gari likagoma kama punda aliyebebeshwa madumu mengi, halafu likaanza kutetemeka: usukani, kiti, mpaka kioo cha katikati. Nikarudi nyuma ya lori, jasho mgongoni. Nikiachia mafuta, shwari. Nikikanyaga tena, trrr trrr.

Gari lenyewe ni Toyota IST, ile ya injini ya 1NZ, ambayo Dodoma ukirusha jiwe huikosi. Fundi wa karibu na nyumbani, Nzuguni, alilizungusha mtaani mara moja akatoa hukumu kabla hajafungua boneti: "Bosi, gia boksi imechoka hiyo. Tutafute nyingine." Kwa bei aliyotaja ningeezeka chumba na sebule. Kilichoniokoa si ujuzi, ni kwamba sikuwa na hela.

Siku mbili hizo za kukosa hela nilizitumia kulisikiliza gari, na hapo ndipo pa kuanzia. Fundi akiuliza "linafanyaje?", jibu la "linatetemeka" halimsaidii. Mwambie linatetemeka lini. Langu lilikuwa tulivu kwenye tambarare, mguu ukiwa mwepesi. Nikipandisha kilima cha UDOM, au nikiwa na abiria wanne na AC imewashwa, shida ilianza. Tena taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na mimi nilishaizoea, kama unavyomzoea jirani mwenye redio kubwa. Usifanye hivyo. Na ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usilisukume gari, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye ekzosi na kuharibu masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho ndani yake.

Fundi wa pili, kijana wa Area C, alichomeka mashine ya kupimia akapata kodi, yaani namba ya hitilafu, P0303. Namba ya mwisho ndiyo silinda: ya 3 ilikuwa inamisi, yaani mafuta hayawaki kila zamu yake. Ukisimama mbele ya boneti la 1NZ, silinda ya 1 iko kushoto kwako, upande wa mikanda. Hesabu kutoka hapo.

Nilidhani atanituma dukani. Hakunituma. Injini hii ina koili nne, vifaa vinavyoipa plagi umeme mkali wa cheche; kila moja imekaa juu ya plagi yake na kushikwa na bolti moja ya spana namba 10. Akachomoa ya silinda ya 3 akaiweka kwenye ya 1, ya 1 akaihamishia kwenye ya 3. Akafuta kodi, tukaenda kupandisha kilima. Likatetemeka vilevile, lakini mashine sasa ikasoma P0301. Ugonjwa umehama na koili, basi mgonjwa ni koili. Kodi ingebaki palepale, tungehamisha plagi, na baada ya plagi tungetazama nozeli inayopuliza petroli. Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa bila spea hata moja.

Nikamuuliza mbona kwenye tambarare linatulia. Akaniambia ukikanyaga mafuta hewa inaingia nyingi, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke kwenye plagi. Koili iliyochoka inaweza kazi nyepesi tu. Ukiipa mlima, inakosa pigo.

Nilinunua koili moja, gari likawa jipya, nikajisifu ofisini. Wiki tatu baadaye likarudia, silinda ileile.

Hapa ndipo ushauri wangu ulipo hasa. Tulipochomoa koili ile mpya, raba yake ilikuwa imelowa oili. Kwenye kauri nyeupe ya plagi kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Huo mstari ni njia ya umeme: badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, unatoroka pembeni na kuingia kwenye bodi ya injini. Oili ilikuwa inavujia kwenye tundu la plagi kwa sababu gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka kama biskuti. Mara ya kwanza tuliiona ile oili, tukaipangusa kwa kitambaa tukaendelea. Ujinga wetu wote wawili. Safari hii tulibadilisha gasketi na raba zake, tukakausha matundu, tukaweka plagi nne mpya na raba mpya ya koili. Halijarudia.

Si kila mtetemeko ni wa umeme, lakini. Likitetemeka unapoongeza mwendo kana kwamba pua ya gari inayumba kushoto na kulia, taa ya injini haijawaka, na gari likiwa limesimama ukilingurumisha halina shida, kagua sivi joint za ndani, viungo vya ekseli zinazozungusha magurudumu, zile za upande wa gia boksi. Likigonga "du!" unapoweka D au R, tazama mauntingi za injini, vile vishikizi vya raba vinavyoibeba. Mtetemeko unaokuja kwenye mwendo fulani tu, ukanyage au uachie mafuta, huo mara nyingi ni wa matairi: kapige balansi. Ukija unapofunga breki ni habari ya diski. Kuhusu eya klina, kichujio cha hewa ya injini, vumbi letu la kiangazi hulijaza haraka na gari linakuwa zito, lakini peke yake ni nadra kulitetemesha hivi. Lisafishe, ila usilitegemee kuwa dawa.

Gia boksi nayo huugua, sikatai. Kabla ya kuihukumu pima oili yake: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, msikilize fundi. Yangu ilikuwa safi.

Ukifungua plagi mwenyewe, subiri injini ipoe kabisa na upulize vumbi kwenye matundu kwanza, maana kinachobaki humo kinadondokea kwenye silinda. Wakati wa kurudisha, anza kuzungusha kwa vidole mpaka zishike, ndipo uchukue spana. Kichwa cha injini hii ni alumini, na uzi wake ukishaharibika, utamkumbuka yule fundi wa gia boksi kwa bei.