Mayai ya bata yanaviza mapema: angalia banda na maji ya kuoshea kabla ya kulaumu friji

Umeuliza kwa nini mayai ya bata wako yanaviza kabla ya wiki mbili, ilhali unayaosha kila asubuhi kabla ya kuyapanga. Jibu fupi: acha kuyaosha, hasa kwa maji ya baridi.

Yai linapotagwa lina joto la mwili wa bata, na ganda lina utando mwembamba ambao ukikauka unaziba maelfu ya vitundu vyake. Ukilisugua kwa maji, utando unatoka. Ukilitumbukiza kwenye maji ya baridi, kilichomo ndani kinasinyaa na yai linafyonza maji hayohayo yenye kinyesi kupitia vile vitundu. Kwa nje linang'aa, ndani bakteria wameshaingia. Siku chache baadaye ute una rangi ya kijani au kiini kimekuwa cheusi, na ukilivunja nyumba nzima inajua.

Kwa hiyo kazi ni kulipata yai likiwa safi tangu mwanzo, na hapo bata ni msumbufu kuliko kuku. Hutaga kuanzia usiku hadi asubuhi, popote alipo, hata kwenye tope. Wafungie hadi kama saa tatu asubuhi. Wengi watakuwa wameshataga. Kiota kiwe chini, maana bata hapendi kupanda. Sentimita 40 kwa 40 zinatosha, kiota kimoja kwa bata watatu au wanne, na maranda makavu au makapi ya mpunga yenye kina cha sentimita 10 hivi. Kila jioni ongeza makavu juu. Maji ya kunywa yakae upande wa mbali na viota, juu ya wavu au kokoto, la sivyo wataingia kiotani na miguu iliyolowa na kazi yote imeharibika. Okota alfajiri, kisha tena unapofungua banda.

Ukishaokota, chambua. Safi yanaenda kwenye trei moja kwa moja. Yenye doa dogo lililokauka yasugue kwa kitambaa kikavu au msasa laini, taratibu. Yaliyochafuka sana usiyauze. Ukitaka kuyala nyumbani, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 hadi 45, yaani yenye joto kuliko yai, yakiwa yanatiririka; usiyaloweke. Yakaushe, yaweke kwenye friji, yatangulie kuliwa. Lenye ufa lipikwe siku hiyohiyo. (Sheria za uuzaji wa mayai hutofautiana, na kuna mahali kuosha ni lazima. Kama ndivyo kwenu, maji ya moto kidogo na friji mara moja.)

Jambo ambalo wengi hulisahau ni dume. Bata jike hutaga bila dume, lakini dume akiwemo mayai yanakuwa na mbegu, na kijusi huanza kukua joto likizidi nyuzi 21 hivi. Trei ikikaa siku kadhaa kwenye chumba chenye joto, mteja atavunja yai akute mishipa ya damu, na huyo harudi tena. Kama huhitaji vifaranga, mtenge dume. Hesabu wiki mbili hivi ndipo uanze kuamini kwamba mayai hayana mbegu. Kwa bata wa aina fulani huchukua muda zaidi.

Kuhifadhi kwenyewe si kugumu. Ncha iliyochongoka iwe chini, upande mpana wenye nafasi ya hewa uwe juu. Kwenye friji ya nyuzi 4, ndani kabisa na si mlangoni ambako joto hupandashuka, yai safi lisilooshwa hukaa mwezi mzima na zaidi. Likishaingia friji libaki humo: ukilitoa hutoa jasho, na ganda lililolowa ni mlango wazi kwa bakteria. Usilihifadhi karibu na samaki, vitunguu wala mafuta ya taa, kwani harufu hupita kwenye ganda. Bila friji, mahali penye ubaridi na kivuli, uza ndani ya wiki moja. Joto likifika nyuzi 30, punguza siku hizo.

Yakizidi, mengine yatie chumvi. Chemsha lita 4 za maji na kilo 1 ya chumvi, poza kabisa, panga mayai safi yasiyo na ufa kwenye chombo cha kioo, mimina na ugandamize kwa kisahani yasielee. Baada ya wiki tatu toa moja, lichemshe uonje. Mengi huwa tayari kati ya wiki tatu na nne. Kiini cha bata kina mafuta mengi, ndiyo maana mayai haya hufaa kwa chumvi kuliko ya kuku. Moja lenye ufa likipenya humo, linachafua chombo kizima.

Kipimo cha kutia yai majini uone kama linaelea kinaonyesha umri tu, yaani ukubwa wa hewa iliyo ndani, na hakimgundui bakteria. Isitoshe kinalowesha yai unalotaka kuhifadhi. Afadhali tochi ya simu gizani, ukimulika upande mpana: hewa ya yai jipya ina kina cha kama nusu sentimita, na kiini hakitembei ovyo ukiligeuza.

Kwa kuuza, tafuta trei za mayai makubwa. Yai la bata huwa na gramu 70 hivi, na trei ya kawaida ya kuku hulibana hadi linapata ufa safarini. Andika tarehe kwa penseli, kalamu ya wino hupenya. Na mwambie mnunuzi wazi kwamba mayai ya bata hupikwa hadi kiini kigande, kwa sababu ya bakteria wa salmonela: asiyatumie mabichi kwenye mayonezi, wala asimpe mtoto au mjamzito yai lenye kiini cha majimaji.